Dada usiunganishe hivyo vimraba, weka sindano chini kwanza

Simama hapo hapo. Usishone hata kimoja leo.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Una mfuko wa mabaki ya uzi uliorithi na mengine ya kwako, mengi hayana lebo, umeshafuma vimraba 40 na kitu, wikendi hii unataka uviunganishe viwe blanketi la mtoto, alafu una sweta tatu uliziacha njiani hujui uanze na ipi, na kuna swali jingine la mwisho ntalirudia. Na jamaa hapo juu kakujibu "uzi ni uzi tu, changanya, itapendeza zaidi" na watu wamempa laiki kama mvua. Mkuu wewe uliyeandika hivyo, sikujui na sina ugomvi na wewe, ila ulishawahi kulifua hilo blanketi lako? Jibu tu hilo, mengine tusameheane.

Mi mwenzio nilifuma vimraba 80. Themanini dada, kila kimoja sentimita 15 kwa 15, nikavipanga nane kwa kumi, blanketi la sentimita 120 kwa 150. Nilianza mdogo wangu ana mimba ya miezi miwili na nusu, nikafunga uzi wa mwisho mtoto ana wiki mbili, yani miezi saba nafuma kwenye foleni, nafuma nikisubiri maji yachemke, nafuma mpaka kidole cha shahada kikaota sugu ambayo ninayo hadi kesho. Na lilikuwa zuri, sisemi kwa kujisifu, kuna picha moja nililipiga kabla halijafa na hadi leo nikiiona nafunga simu.

Sasa kosa lenyewe. Kwenye mfuko wangu kulikuwa na kila kitu: sufu, akriliki, pamba, na vingine sijui hata ni nini. Nilivyokuja kuhesabu baadaye, baada ya msiba, sufu ilikuwa vimraba 31, akriliki 34, pamba 15. Ila wakati nafuma sikuhesabu chochote, nilikuwa naangalia rangi tu, hii inaendana na hii, hii itulize hii, kama napanga maua. Alafu nikaja kwenye kuunganisha, na hapa ndo nilipojimaliza mwenyewe, nikachukua uzi wa sufu wa kijivu kwa sababu niliona ni imara na ulikuwa mwingi, nikaviunganisha vyote 80 kwa huo. Kila mshono, kila pembe, na ukingo wa nje kuzunguka lote.

Kitu cha mtoto huwezi kupeleka bila kufua si ndio? Nikatia kwenye mashine ya kufulia, digrii 40, mzunguko wa kawaida, sabuni ya kawaida, nikaenda zangu kukaa nikiwa nawaza blanketi la pili nifume la nani. Nimerudi kufungua mlango, navuta, kitu kinagoma kutoka, kizito kama maiti. Nimekivuta chote, nikakitandaza sakafuni, nikakaa chini pembeni yake kimya.

Vimraba vya sufu vilikuwa vimerudi kutoka sentimita 15 mpaka 11, vimekaza, vitanzi havionekani tena, unagusa ni kama kofia ngumu. Vya akriliki na pamba viko vile vile 15. Lakini ule uzi wa kijivu wa kuunganishia nao si sufu? Nao ukanywea, kila mahali kwa pamoja, ukavuta kila kimraba kwenye kingo zake, kwa hiyo vile ambavyo havikurudi vikawa vimebinuka juu kama mito midogo midogo, mstari wa mito, mstari wa mashimo. Mgongo wa mamba kabisa. Na juu ya hapo kulikuwa na kimraba kimoja chekundu cha pamba, kimoja tu kati ya 80, kikachuja rangi kikawapaka majirani wote, vile vyeupe nilivyovipenda vikawa na rangi ya ufizi.

Mume wangu akapita akauliza kwa nia njema kabisa, hili ni la kufutia miguu mlangoni? Tumeshasameheana. Au tuseme karibu tusameheane.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema hapana, hili linanyooshwa. Nikalivuta likiwa na maji, nikalibana kwa pini pembeni kote, halikusogea. Nikaleta pasi ya mvuke. Dada, akriliki na pasi havikai chumba kimoja, akriliki ni plastiki tu yenye adabu, ukiipiga joto inalegea na haifufuki, vimraba 34 vilivyokuwa vimepona kwenye mashine nikavilaza mimi kwa mkono wangu, vikawa vyembamba vinang'aa vinaning'inia kama tambi. Kwa hiyo nusu iliuawa na maji nusu nikaua mwenyewe. Hahaha nacheka sasa ila siku ile sikucheka.

Kufumua nianze upya? Haifumuliki. Sufu ni nywele za kondoo, na kila unywele una magamba madogo madogo kama ya samaki, ukiipa maji ya moto na sabuni alafu ukaizungusha na kuisugua, magamba yanafunguka yanang'ang'aniana na ya mwenzake, na yakishashikana hakuna dawa ya kuyaachanisha. Usidanganywe na mtu wa kukwambia loweka kwenye kiyoyozi cha nywele itarudi kama ilivyokuwa. Kama imekaza kidogo inalegea kidogo, ila iliyoganda imeganda.

Na nani kaniingiza kwenye haya? Kuna mama mmoja kwenye video, simtaji, yule wa kikapu kizuri na dirisha nyuma yake na sauti ya kubembeleza, ndo aliyesema mabaki yote ni familia moja, changanya bila woga. Familia! Nilimwandikia komenti ndefu baada ya msiba nikimwelezea, akaniwekea kopa. Kopa tu, hakuna neno. Nikaja kugundua kitu, yule mama hajawahi kuonyesha kitu chake hata kimoja baada ya kufuliwa, kila wiki ni blanketi jipya, la wiki iliyopita halionekani tena. Sasa najua kwa nini halionekani.

Kwa hiyo sheria ni moja, na we jamaa wa "uzi ni uzi" na wewe iandike: FUA KWANZA NDO UUNGANISHE. Kila aina ya uzi iliyomo kwenye mfuko wako, chukua kimraba chake kimoja, kipime kwa rula, andika kwenye karatasi, alafu kifue vile vile mwenye blanketi atakavyolifua. Sio vile unavyotamani alifue. Mama mwenye mtoto mchanga hafui kitu kwa mkono kwa maji ya vuguvugu huku anaimba, anatupia kwenye mashine na nguo nyingine zote saa nne usiku. Kwa hiyo na wewe tupia kwenye mashine. Kikitoka kianike kikauke kabisa, pima tena. Kilichobaki na sentimita zake kinaingia kwenye blanketi. Kilichorudi kinatoka, hata kama ndo rangi unayoipenda kuliko zote, na najua kitakuwa ndo hicho.

Najua utaniambia mbona kuna kile kipimo cha moto, cha kuchoma kipande cha uzi ujue ni aina gani. Kipo, na mi nakitumia kwa uzi usio na lebo. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike na kibanio cha chuma juu ya beseni la maji, washa. Sufu inawaka kwa kusuasua, ukiondoa moto inajizima, inanuka nywele zilizoungua, majivu yake unayasaga na vidole. Pamba inawaka haraka kama karatasi na harufu ni ya karatasi. Akriliki inayeyuka, moshi mweusi, inaacha kitone kigumu kama shanga, na kitone hicho usikiguse kikiwa cha moto maana kinang'ang'ania ngozi. Sawa. Lakini kuna sufu iliyotibiwa kiwandani ili ifuliwe kwenye mashine, hiyo nayo ni sufu, inanuka nywele zile zile, na mashineni inakaa vizuri tu, na kuna nyuzi za soksi zina sufu na nailoni ndani yake, zinakuchanganya harufu. Moto unakwambia huu uzi ni mtoto wa nani, haukwambii tabia yake. Tabia utaiona kwenye maji. Ndo maana nasema fua, narudia tena fua, nikionekana nimechanganyikiwa sawa.

Na uzi wa kuunganishia nao ni uzi! Huo ndo watu wanausahau kabisa kwa sababu unaonekana ni kazi ya fundi tu. Fuma kimraba cha huo uzi nao, kifue. Mimi kama ningeunganisha kwa akriliki pengine ningekata vile 31 vibovu nikaweka vingine, blanketi lingepona. Ningeunganisha kwa akriliki mtoto wa mdogo wangu angekuwa na blanketi badala ya stori. (Alipewa la dukani. Analipenda sana. Asanteni.)

Rangi nyekundu, nyekundu iliyoiva, bluu ya giza na nyeusi, hizo kabla hata ya mashine zilowanishe, zifunge ndani ya kitambaa cheupe kikiwa na maji, ziache usiku kucha. Asubuhi kitambaa kikiwa cheupe amani. Kikiwa kimepata rangi, kifue hicho kimraba peke yake mara mbili tatu ujaribu tena, na kama bado kinachuja mwage, hana urafiki huyo.

Kuhusu unene, ndio, mabaki hayalingani unene, hilo nalo umeuliza katikati. Nyembamba mbili ukizishika pamoja unapata moja ya wastani, ukizifuma pamoja zinaenda vizuri na rangi inatoka ya mchanganyiko, nzuri tu. Ila zote mbili ziwe za tabia moja kwenye maji, usije ukashika sufu na akriliki kwenye kitanzi kimoja, hapo umeanzisha ugomvi ndani ya nyumba. Na nunua mizani ya jikoni, pima donge la uzi kabla ya kufuma kimraba na baada, utajua kimraba kimoja kinakula gramu ngapi na donge lililobaki litatosha au litakuachia njiani. Mi vyangu vilikuwa vinakula kama gramu 14. Hilo ni jambo dogo, lisikupotezee usingizi, usingizi upotezee lile la kufua.

Vile vya sufu utakavyovitoa usivitupe. Hivyo vitafutie blanketi la pili la sufu tupu la mtu mzima anayefua kwa mkono kwa maji baridi, kama yupo. Au fanya nilichofanya mimi, nilikata lile zulia langu la msiba kwa mkasi, na uzuri wa sufu iliyoganda ni kwamba ukiikata haifumuki, nikapata vya kuwekea vikombe, nyayo za ndala za ndani, na vya kushikia sufuria ya moto. Vya sufuria lazima iwe sufu au pamba, tafadhali, akriliki ikikutana na sufuria inayeyukia mkononi mwako. Kwa hiyo miezi saba ilizaa vishikio vya sufuria, ghali kuliko vyote vilivyowahi kufumwa duniani, na ukija kwangu nakuonyesha kwa fahari kabisa.

Sweta... aah zile sweta. Ile ya kijani uliyosema imebaki mkono mmoja, kabla hujaendelea fuma kipande kidogo pembeni upime, vitanzi vingapi kwenye sentimita 10, ulinganishe na mkono uliokwisha, maana mkono wa mtu unabadilika, uliyefuma kipindi kile ulikuwa na hasira za ujana unakaza, sasa umelegea, au kinyume chake, mikono miwili ikatoka ya watu wawili tofauti. Na kipande hicho kabla ya kukipima... unajua naenda kusema nini. Kifue. Hizo nyingine mbili sina la kukushauri, mi mwenyewe nina nne kwenye begi juu ya kabati na hatuongei.

Swali lako la mwisho nimelisahau na nikirudi juu kulisoma nitaiona tena ile komenti ya "itapendeza zaidi" na presha yangu haihitaji. Mwingine atalijibu.

We sasaivi angalia ile picha uliyoweka, mstari wa juu, cha tatu kutoka kushoto, kile chekundu kilichokaa katikati ya vyeupe viwili. Hicho hicho. Kitoe, kilowanishe, kifunge kwenye kitambaa cheupe usiku huu, asubuhi uje na picha ya kitambaa.