Mali kauli hutolewa kwa faida, haitolewi kwa mtaji

Usitie sahihi mkataba huo wiki hii. Umeuliza mambo manne: ununue mashine ipi ya kusagia karanga, ubaki na jina la biashara au usajili kampuni, uchukue mkopo au usichukue, na kama masharti uliyopewa na hao wenye supamaketi ni ya kawaida. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama mengine matatu yatakuwa na maana yoyote kwako mwakani. Leo unauza siagi ya karanga hapo Dodoma kwa fedha taslimu. Sasa unatakiwa upeleke makopo 1,000 kila mwezi katika matawi yao ya Dar es Salaam kwa mali kauli, yaani wachukue bidhaa sasa na kulipa baadaye: ulipwe siku 60 baada ya kopo kuuzwa. Ndiyo, masharti hayo ni ya kawaida kabisa, na kwa sababu ni ya kawaida watu wanayapokea bila kupiga hesabu.

Mimi niliyapokea, tena kwa bidhaa hiyo hiyo. Nilikuwa nimetoka katika semina ya ujasiriamali ambapo mshauri mmoja alitufundisha, ukumbi mzima, kwamba biashara inayokua ni ile inayoonekana katika rafu nyingi, na kwamba mzalishaji anayeogopa mali kauli atabaki kuwa mtu wa gengeni. Alizungumzia lebo, vifungashio na namna ya kujieleza mbele ya mnunuzi mkubwa. Hakusema neno hata moja juu ya fedha itakayonunua karanga za mwezi wa pili wakati za mwezi wa kwanza hazijalipwa. Ada yake yeye tuliilipa mlangoni kabla hatujakaa, na hadi leo namkasirikia, kwa maana mtu anayefundisha wenzake kukopesha alipaswa kujua mkopeshaji anakula nini wakati anasubiri.

Chukua hesabu uliyoiandika mwenyewe. Kopo linakugharimu shilingi 3,500 hadi kufungwa, nawe unaliuza 5,000. Makopo 1,000 ni shilingi milioni 3.5 kwa mwezi, na zote zinatoka mfukoni papo hapo, kwa sababu mkulima hakukopeshi, muuza makopo hakukopeshi, na kina mama wanaochambua karanga wanataka ujira wao Jumamosi. Kopo likikaa rafuni mwezi mmoja, kisha malipo yakasubiri siku 60, utakuwa umepeleka mzigo wa miezi mitatu kabla shilingi ya kwanza haijarudi. Hiyo ni milioni 10.5 iliyolala katika duka la mtu mwingine, na ni hivyo iwapo watalipa kwa tarehe waliyoahidi. Kopo moja lisipolipwa, faida ya makopo mawili yaliyolipwa haitoshi kulifidia.

Halafu kuna msimu, na hapa ndipo nilipoumia kuliko kote. Wewe unajua kwamba karanga za Dodoma hushuka bei mavuno yanapoingia sokoni, kuanzia Mei hivi, na kwamba msagaji mwenye akili hununua na kuhifadhi wakati huo ili asihangaike mwisho wa mwaka. Mavuno yalipoingia nilikuwa na jalada limejaa ankara zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, na sikuwa na fedha ya kununua magunia ya kunifikisha hata Agosti. Nikaja kununua karanga wakati bei imepanda, huku bei ya kopo ikiwa imefungwa ndani ya mkataba, na karanga zenyewe zilikuwa masalia yaliyopita mikono mingi, yenye punje zilizosinyaa na zilizoota ukungu. Anayesaga karanga hawezi kulifumbia macho jambo hilo, kwa kuwa humo ndimo inamokaa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na kukaanga hakuimalizi. Tulichambua tukatupa, tukachambua tukatupa, na kila debe lililotupwa lilikuwa limelipiwa kwa bei ya juu.

Mzigo wa kwanza kurudishwa niliupokea kwenye mlango wa nyuma wa tawi mojawapo. Mtunza stoo alinisukumia katoni, akanipa karatasi ya kusaini, akaendelea na gari lililofuata. Nilipozifungua nilikuta makopo yenye lebo zilizochubuka, mafuta yamepanda juu kwa kukaa karibu na dirisha lenye jua, na mengine yamefunguliwa mfuniko na mtu aliyetaka kuonja. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imebakiza wiki chache. Mkataba ulisema kisichouzwa kinarudi kwa mwenye mali, na haukusema kirudi katika hali gani wala kabla ya muda gani. Kwa hiyo lile jua na yule mwonjaji niliwalipia mimi.

Kuhusu mkopo, nakusihi usiuchukue kwa ajili ya oda hii. Afisa mikopo aliyenihudumia alizihesabu ankara zangu kama mauzo, akanipongeza, akanipa fedha ambayo marejesho yake yalianza mwezi uliofuata, wakati mnunuzi wangu alikuwa bado ndani ya siku zake 60. Nilikuwa nalipa riba ili mtu mwingine akae na bidhaa yangu bure. Na ukija kukua ukasajiliwa kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambako kiwango cha sasa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, ujue kwamba kodi ya ankara uliyotoa inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mnunuzi awe amekulipa au hajakulipa.

Usidhani ukubwa wa jina ni dhamana. Supamaketi ya Uchumi kutoka Kenya ilipofunga maduka yake Tanzania na Uganda mwaka 2015, wazalishaji waliachwa wakidai. Nakumatt, nayo ya Kenya, iliyoonekana haiwezi kuyumba, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ifilisiwe, huku wazalishaji wengi wadogo wakiwa hawana dhamana yoyote mkononi. Katika foleni ya ufilisi, mwenye makopo ya siagi husimama nyuma ya benki.

Kanuni ninayokupa ni moja, nami siilegezi kwa yeyote: mali kauli hutolewa kwa faida, haitolewi kwa mtaji. Tenga fedha ya karanga, makopo na ujira wa miezi mitatu, uiweke mahali usipoigusa, kisha kile kilichozidi ndicho upeleke rafuni. Kama kilichozidi kinatosha makopo 80, peleka makopo 80.

Waandikie kwamba unaanza na tawi moja. Omba mzigo wa kwanza ulipwe ndipo upeleke wa pili, siku za malipo zihesabiwe tangu kupokelewa na si tangu kuuzwa, na makopo yanayorudishwa yawe mazima, hayajafunguliwa, na yamebakiza angalau miezi mitatu ya matumizi. Omba pia bei ipitiwe upya karanga zinapopanda. Kila unapopeleka, ondoka na nakala yenye sahihi, jina na muhuri, kwa sababu mhasibu wa makao makuu hatakujua kwa sura. Wakikataa yote manne, rudi kwa wenye maduka wa Area C na Majengo wanaokulipa mkononi, ongeza mtaa mmoja baada ya mwingine, na ifikapo Mei uwe na fedha ya magunia.