Oili kwenda maabara: nilichokiona kwa tipa langu la kokoto

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama kupima oili maabara kunamfaa mtu mwenye gari moja au mawili, na kama unaweza kukagua lori la mtumba kwa kipimo hicho kabla hujalipa.

La pili nalijibu haraka. Hapana, au kwa shida sana. Muuzaji anayejua biashara yake amemwaga oili juzi, wewe unakuja leo. Oili ya siku mbili haijabeba kitu hata kama injini inajisaga. Ukichomoa stiki ya kupimia oili ya lori la dizeli lenye miaka 15 ukakuta oili ina rangi ya asali, ujue umetayarishiwa.

La kwanza lina maneno. Nililijulia mgodini, Kanda ya Ziwa, nilikokuwa fundi wa madampa. Kila baada ya saa 250 za kazi tulivuta chupa ndogo ya oili kwa kila injini, ikaenda maabara na kurudi na karatasi ya namba. Wakati ule niliona ni kazi ya kujaza fomu. Nilipoacha ajira na kununua tipa la kubeba kokoto kutoka Lugoba kuja Dar, niliendelea kupima kwa mazoea tu, si kwa imani.

Kinachofanyika ni hiki. Oili inaunguzwa kwenye mashine, na kila metali ikiungua inatoa mwanga wake, mashine inasoma mwanga na kutoa hesabu ya chembe kwa milioni, yaani ppm. Chuma kinatoka zaidi kwenye laina, krenki na kemshafti. Aluminiamu kwenye pistoni, kromiamu kwenye ringi. Risasi, bati na shaba ni beringi za krenki na bushi, ingawa shaba inaweza pia kutoka kwenye kipoza oili. Silikoni ni mchanga. Sodiamu na potasiamu zikipanda, shuku maji ya rejeta yenye kulanti (dawa ya kupozea injini) yanavuja kwenye oili: maji yenyewe hukauka kwa joto la injini, chumvi zake zinabaki. Huwezi kuyaona haya kwa kusugua oili vidoleni kama wanavyofanya mafundi wetu. Na weusi usikutishe, oili ya dizeli inakuwa nyeusi kwa sababu inashika masizi, ndiyo kazi yake.

Sasa tipa langu. Karatasi ya kwanza ilisema chuma 22, aluminiamu 4, silikoni 9, oili ikiwa imetembea kilomita 5,000. Ya pili ikafanana na hiyo, chuma 27. Ya tatu, kwa umbali uleule na oili ya aina ileile: chuma 71, aluminiamu 19, silikoni 48. Gari halitoi moshi, halili oili, linapanda mlima na mzigo kama kawaida. Dereva akaniambia, "Bosi, hiyo mashine yao mbovu." Fundi wangu naye akasema tusubiri.

Silikoni na aluminiamu zikipanda pamoja, cha kwanza kushuku ni vumbi, kwa sababu udongo wenyewe una vyote viwili. Chuma kinafuata maana vumbi likishaingia kwenye silinda linafanya kazi ya msasa. Tukafungua chujio la hewa: jipya, safi. Hapo ndipo wengi wangeishia. Nikafungua hozi inayotoka kwenye chujio kwenda kwenye turbo, nikapitisha kitambaa cheupe ndani, kikatoka na mstari wa kahawia. Hozi ilikuwa imepasuka kwa chini, palepale klampu inapokaa, mahali ambapo hupaoni mpaka uitoe. Hewa ya Lugoba ilikuwa inaingia injini bila kupita kwenye chujio. Nikanunua hozi na klampu mbili, nikamwaga oili. Karatasi iliyofuata silikoni 14 na chuma 38, iliyofuata tena tukarudi kwenye namba zetu za mwanzo. Bei ya ile hozi haikufika hata ya seti ya ringi, achilia mbali ovahoo nzima.

(Kwa wanaopuliza chujio la hewa kwa upepo wa gereji ya matairi: acheni. Karatasi inatoboka matundu usiyoyaona, na vumbi linapita vilevile.)

Lakini angalia, namba 48 peke yake isingeniambia mengi. Miaka miwili baadaye silikoni iliruka ikafika 60 na sikuhangaika. Tulikuwa tumefungua kava ya mbele na kuirudisha kwa gundi ya gasketi ya tyubu, ambayo ni silikoni, na chuma na aluminiamu havikusogea hata kidogo. Baada ya kumwaga oili mara mbili ikashuka yenyewe. Ndiyo maana mtu akinitumia karatasi moja na kuniuliza "ni nzima?" namuuliza iko wapi ya kabla. Injini unailinganisha na yenyewe ya jana. Jedwali la kiwandani linasaidia, ila injini yako, barabara yako na dereva wako havimo kwenye jedwali.

Kuna kitu hiki kipimo hakikioni, na nimeumizwa nacho. Mashine ya kawaida inasoma chembe ndogo sana, zikizidi maikroni 5 hadi 10 hivi inaanza kuzikosa. Beringi ikianza kumeguka vipande, karatasi inaweza kuja nzuri kabisa. Lori la shemeji yangu lilipata karatasi safi, wiki tatu baadaye likanoki na kukata konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, njiani. Tangu hapo kila nikimwaga oili napasua na chujio lake. Usitumie msumeno, utajaza chuma chako mwenyewe humo. Kuna kikata chujio kinachofanana na kile cha kukatia bomba. Ikunjue ile karatasi, ikamue, iweke juani. Inayometameta na kushikwa na sumaku ni chuma, inayometameta bila kushikwa mara nyingi ni beringi au pistoni.

Kuhusu kuchukua sampuli, hapa ndipo watu wanapoteza hela zao. Injini iwe ya moto, imetoka kazini. Vuta kwa pampu ndogo ya mkono kupitia tundu la stiki, mpira uukate kwa urefu wa stiki usije ukagusa tope la chini ya karta, lile bakuli la oili chini ya injini. Kama huna pampu, chukua wakati wa kumwaga, lakini acha ya mwanzo ipite kwanza, kinga ya katikati. Chupa ni ile ya maabara, si ya maji ya kunywa uliyoisuuza. Andika kilomita za injini, kilomita za oili, na lita ulizoongeza katikati. Hilo la mwisho madereva wanalificha. Karta ya lita 24 ukiiongezea 6, namba zote zinashuka na wewe unafurahi bure.

Angalia pia uzito wa oili, yaani inavyotiririka, ambao karatasi inauandika kwa cSt. 15W-40 ikiwa kwenye nyuzi 100 inatakiwa kuwa kati ya 12.5 na 16.3 cSt. Ikishuka chini ya hapo sana, mara nyingi dizeli inavuja ndani, anza na nozeli zinazopuliza dizeli. Ikipanda, ni masizi mengi au oili imechoka.

Na chupa yako ya kwanza kabisa usiivute kwenye gari. Ivute kwenye ndoo ya oili mpya unayonunua. Utapata namba za kulinganishia za kalsiamu, zinki na fosforasi, ambazo ni viungo vya oili yenyewe, na kwa oili feki zilizojaa madukani, unaweza kugundua tatizo lako halijaanzia kwenye injini.

Kwa gari mbili kama zako, mimi ningepima kila unapomwaga oili kwa mara tatu za mwanzo, halafu kila baada ya mara mbili. Karatasi ikitoka, futa namba ya gari uiweke hapa tuisome pamoja. Kama silikoni iko juu, kabla hujamwita fundi toa ile hozi upitishe kitambaa.