Safari ya Mikumi: huyo kijana wa basi usimpe hata mia

Mwalimu, hiyo hela iache hapohapo ilipo. Nilikuwa nasoma uzi wako wa kupeleka watoto wa shule hifadhi ya Mikumi kwa siku moja, vizuri tu, mpaka pale ulipoandika kuna kijana amekupatia Coaster mbili kwa bei ya kirafiki na anataka alipwe zote kabla ya Ijumaa. Chai imepoa hapa. Mengine uliyouliza, darasa gani liende, chakula, bonanza la kufunga muhula, wadau watakujibu. Mimi nina hili moja.

2022 nilikuwa mratibu wa shughuli za nje ya darasa kwenye shule moja ya binafsi hapa Dar, hizi ambazo mzazi akishalipa ada anataka na picha ya mwanaye na twiga. Darasa la 5, watoto 52, kila mmoja 45,000, Mikumi kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mwalimu wa shule jirani akanipa namba ya "mtu wake". Mtu wake alikuwa na sauti ya mtangazaji wa redio, na kila akimaliza kuongea anaweka "usijali mwalimu wangu". Akanitumia picha: Coaster mbili nyeupe, viti vimevaa vitambaa, unaweza kudhani zimetoka bandarini jana. 450,000 kila moja, wakati wengine walinitajia 700,000. Meneja wa shule aliposikia akanipa mkono kabisa, "mwalimu, wewe una akili ya biashara." Nikarusha 900,000 yote kwa simu. Mkataba? Mkataba ulikuwa ule ujumbe wa muamala.

Saa 11 alfajiri ikaja Coaster moja. Moja! Na siyo ya kwenye picha. Nikapiga simu. "Nyingine inaweka mafuta, mtaikuta Kibaha, usijali mwalimu wangu."

Hapa nisikilize vizuri, maana dalali hakupakia mtoto hata mmoja. Nilipakia mimi. Bado giza, watoto wameamka tangu saa 9 usiku, wamevaa kofia mpya, wazazi wanamulika na tochi za simu, meneja anatazama saa. Nikasema mpaka Kibaha tu. Viti 28, watoto 52, walimu wanne, beseni la sambusa, ndoo mbili za juisi. Watatu watatu kwenye kiti cha wawili, wengine wakapakatwa. Na nilihesabu vichwa kwa makini, 52, nikatia tiki kwenye daftari, nikajiona mratibu kweli kweli.

Kibaha hakuna gari. "Imetangulia Chalinze." Na mimi nikakubali! Mtu mzima, nina digrii, ina fremu ukutani.

Mlandizi trafiki akatusimamisha. Mama mmoja mtulivu, hakupandisha sauti hata kidogo. Akalizunguka gari, akasimama ubavuni, akaanza kukwaruza kwa ukucha. Kumbe kuanzia mlangoni mpaka taa ya nyuma lilikuwa limebandikwa utepe mweupe wa plastiki. Akauvuta, ukabanduka wote kama ganda la ndizi, na chini yake ule mstari wa rangi wa daladala. Yaani nilikuwa nawapeleka watoto mbugani na gari la ruti ya mjini, halina kibali cha LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa barabarani, cha kukodiwa nje ya njia yake. Akachungulia ndani, akanigeukia. "Mwalimu, hawa wako wangapi?" Sikujibu.

Huku nyuma mwalimu msaidizi alishatupia picha kwenye grupu la wazazi, "safari imeanza salama". Ukiikuza ile picha unaona shavu la mtoto limegandamizwa kwenye kioo. Mzazi wa kwanza kujibu aliandika neno moja tu: Karatu. Sijui kama yupo mzazi wa Tanzania asiyejua maana yake. Mei 6, 2017, Rhotia, hukohuko Karatu, basi dogo la shule ya msingi lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Grupu lilikaa kimya kama dakika mbili. Halafu simu yangu ikaanza kuita, ikaita mpaka chaji ikaisha.

Tukakaa chini ya mwembe hadi basi la shule lilipokuja kutubeba kwa awamu mbili. Sambusa zililiwa saa 2 asubuhi. Pundamilia pekee waliyemwona siku ile ni zebra ya kuvukia barabara, na kuna mtoto aliiandika hivyohivyo kwenye insha yake. Ninayo mpaka leo. Dalali hapatikani. Yule mwalimu jirani nilipomfuata akaniambia, "mimi nilikupa namba, sikukwambia umlipe." Ndugu yangu, namba ya mtu wa kubeba watoto wa wenzio huitoi kama namba ya fundi feni! Na meneja, yule wa akili ya biashara, ndiye aliyesaini barua ya makato. Wazazi walirudishiwa 2,340,000, nusu shule, nusu mimi, 130,000 kila mwezi kwa miezi 9. Tukipita Mlandizi mke wangu huniuliza kama nasikia hamu ya sambusa.

Kwa hiyo: gari ambalo namba yake haiko kwenye karatasi halibebi mtoto. Nenda kalione mchana, kwa macho, siyo kwa picha. Gusa tairi, hesabu viti mwenyewe, vuta mikanda. Namba ya gari iingie kwenye mkataba, kibali cha kukodiwa kiwe na namba hiyohiyo, bima usome tarehe. Advansi baada ya hapo, salio gari likiwa limesimama getini kwenu. Likija lenye namba nyingine, hata liwe zuri kuliko la mwanzo, hata watoto walie, wanarudi darasani wanafanya hesabu. Kuna mtu atakwambia "mpaka Kibaha tu". Hakuna mpaka Kibaha tu.

Mdau hapo juu kashauri treni ya SGR hadi Morogoro. Sawa, imeanza 2024, sisi hatukuwa nayo. Lakini treni haikufikishi kwa tembo. Ukishuka Morogoro unahitaji basi, na tumerudi palepale, namba, kibali, karatasi.

Halafu hiyo ya siku moja, kaa upige hesabu. Kutoka Dar ni kilomita 283, basi halitakiwi kuzidi 80 kwa saa, kwenye makazi ya watu 50, na hifadhi inafungwa saa 12 jioni. Getini hawapokei hela mkononi, hilo nalo ulipange mapema. Watoto watamwona tembo nusu saa, tena wakiwa wanasinzia. Bagamoyo ni pua na mdomo, magofu ya Kaole yapo, Ngome Kongwe ipo, mnarudi mapema. Na huko pia mnaenda kwa gari, nadhani unajua nitasema nini.

Kuhusu chakula nimeshasahau uliuliza nini. Usibebe sambusa.

Ila nijibu kabla hujaendelea: huyo kijana wako, akimaliza kuongea, anasemaje? Anasema "usijali mwalimu wangu"?