Pauni 30 za kukaa na mtoto wa rafiki: UC waambiwe?

Maswali ya akina mama wanaolea peke yao hapa Uingereza yamenijaa, na karibu yote yanauliza kama hela ya kukaa na mtoto wa mtu inabidi uwaambie UC, yaani Universal Credit, ile hela ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Haya twende.

Shikamoo dada. Niko Leicester na wanangu wawili, baba yao alishaondoka. Jumamosi nakaa na mtoto wa shoga yangu ananipa 30 mkononi. Hata hiyo niseme?

Marahaba mdogo wangu. Sema, hata kama ni keshi. Watu wanaogopa wanadhani ukitaja tu UC yote inakatwa, sio hivyo, ukiwa na mtoto unayemlea kuna kiwango unaruhusiwa kuingiza kila mwezi bila kuguswa, na hata kama wanakusaidia kodi ya nyumba kinazidi pauni 400, ukivuka hapo ndo wanakata peni 55 kwa kila pauni ya juu. Sasa 30 mara Jumamosi nne ni 120. Unaficha nini? Ila kama una kazi nyingine, tuseme usafi wa asubuhi, zote zinajumlishwa.

Mbona nimesikia chini ya pauni elfu moja haihesabiki?

Hapa ndo wengi wameponzeka jamani. Hiyo 1,000 ni ya kodi ya mapato, ya HMRC, ofisi ya kodi, kwa mwaka mzima. UC iko chini ya DWP, wizara ya kazi na pensheni, na hao wanataka kujua kuanzia pauni ya kwanza. Aliyekwambia hajakudanganya, kachanganya ofisi.

Sina peisilipu, naripoti nini?

Daftari la shule linatosha. Langu linaning'inia kwa uzi pembeni ya friji: tarehe, mtoto gani, saa ngapi, kiasi gani. Wanahesabu siku hela ilipoingia sio siku uliyofanya kazi, kwahiyo akikulipa mwezi ujao unairipoti mwezi ujao. Na risiti za nepi ulizomnunulia huyo mtoto tunza, hizo zinatolewa kama gharama.

Mdogo wangu ananiachia wanae na mimi namwachia wangu, hatulipani.

Hapo hakuna kipato. Akikuletea pilau kula tu.

Nataka nichukue watatu kwangu kila siku wakitoka shule.

Hiyo sasa ni biashara. Kwa England, wakiwa chini ya miaka 8, wewe ukilipwa, kwako nyumbani, zaidi ya saa 2 kwa siku, lazima usajiliwe kwanza, Ofsted (wakaguzi wa serikali wa shule na walezi wa watoto) au wakala wa walezi. UC nao watakuita muongee.

Nimekula miezi sita bila kusema 😩

Andika leo kwenye akaunti yako ya UC, miezi na hela zake, usisubiri bahasha ya kahawia, ile barua yao. Kama kuna walichokulipa zaidi watakikata kidogo kidogo, na faini ya pauni 50 ya uzembe inaweza kuja juu yake. Ila kama ni zile 120 kwa mwezi na huna kazi nyingine, unaweza kukuta huna deni kabisa, na miezi sita yote umekosa usingizi bure.