Risiti zikijirudia, usingoje toleo kubwa
Kaka, umeuliza kama hitilafu ya programu yako ya mauzo, ile ya kurekodi mauzo mara mbili mtandao ukikatika, ingojee toleo la mwezi ujao. Isingoje. Mimi hujiuliza kwanza: data inaharibika? Na mtumiaji anaweza kujinusuru mwenyewe? Mama wa samaki pale soko la Kibuye akiona kitufe kimekaa upande atacheka tu. Akiona mauzo ya jioni yamezidi pesa alizo nazo mkononi, atarudia daftari lake na hutamwona tena.

Toa toleo dogo, 2.4.1, lenye rekebisho hilo moja, basi. Ile ripoti mpya usiichomeke humo hata kama iko tayari (najua mkono unakuwasha). Na ijaribu vizuri: Desemba 2021 watengenezaji wa Log4j (maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu) walitoa toleo 2.15.0 kuziba tundu la usalama, ikabidi 2.16.0 na 2.17.0 zifuate mwezi huohuo.

Kilichokuwa kikifanya kazi toleo lililopita kikivunjika sasa, hicho nacho nakihesabu dharura. Rangi na tahajia zingoje.

Halafu zile rekodi zilizokwisha kujirudia, toleo jipya halitazifuta. Andika skripti (programu fupi) ya kuzisafisha, ila nakili data yote kando kwanza.