Manowari za mizinga mikubwa bado zina kazi?

SWALI: Habari mhariri, mi msomaji wenu toka Mwanjelwa, Mbeya. Kijiweni tunabishana sana, jamaa yangu anasema Marekani wazirudishe zile manowari za zamani za mizinga mikubwa ya kupiga pwani, maana kombora moja tu la Tomahawk, hilo la meli za siku hizi kupiga nchi kavu, ni hela ndefu. Mi nasema zimepitwa na wakati. Nani mkweli?

JIBU: Salama ndugu yangu. We ndo mkweli, ila jamaa yako usimpuuze, kwenye bei kasema kweli. Manowari hizo za zamani za Marekani, kama Missouri na Wisconsin, zilikuwa na mizinga 9 kila moja, risasi ya kulipua ina kilo kama 860 na inafika kilomita 38 hivi. Sasa hizo kilomita 38 ni kama nusu ya njia ya Iringa kwenda Mafinga, kwahiyo lazima meli isogee karibu na pwani, na siku hizi kombora la kupiga meli linafyatuliwa toka kwenye lori lililojificha kilomita mia na zaidi huko, hata Wahouthi wa Yemen wanayo. Aprili 2022 Ukraine waliipiga manowari Moskva ya Urusi kwa makombora ya Neptune toka nchi kavu, ikazama. Utaambiwa Moskva haikuwa na chuma kinene kama zile za zamani, sawa, lakini rada na antena zinakaa nje hazina chuma chochote, zikilipuliwa hizo meli imepofuka.

Na jicho ndo kila kitu kwenye mizinga. Angalia hapahapa kwetu, Julai 1915 Waingereza waliifuata manowari Königsberg ya Wajerumani mle delta ya Rufiji, tarehe 6 wakapiga wee wakashindwa kuimaliza, tarehe 11 wakarudi, ndege iko juu inawaambia risasi zinaangukia wapi wanarekebisha, ikaisha siku hiyo. Vita ya Ghuba 1991 Wisconsin ilirusha droni juu ya kisiwa cha Faylaka, Kuwait, askari wa Iraki kuiona tu wakapunga vitambaa vyeupe, walishajua ikipita hiyo mizinga inafuata! Ila vita hiyohiyo Missouri ilirushiwa kombora toka pwani na aliyelidungua ni Gloucester ya Waingereza, manowari ndogo ya makombora.

Hapo bado mabaharia, meli moja inataka watu zaidi ya 1,500. Mi nisingewapeleka watu wote hao kilomita 38 toka kwa adui wakati droni ya leo inaweza kubeba bomu yenyewe.