Maswali ya Wasomaji: Volti 3.3 mbele ya taa za ampea 6

SWALI (Morogoro): Habari za kazi, mafundi. Nina bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa) na taa za utepe za volti 12, mita 5, zile zenye LED 60 kwa kila mita. Naziendesha kwa mosfeti (swichi inayoamriwa kwa volti) aina ya IRFZ44N. Nilipokuwa natumia bodi ya Arduino Uno ziliwaka vizuri. Sasa zinawaka hafifu na mosfeti haishikiki kwa moto. Nimeshabadilisha mbili, hali ni ile ile.

JIBU: Usinunue ya tatu, ndugu yetu. Mosfeti zako huenda ni nzima kabisa. Geti, yaani mguu wa mosfeti unaopokea amri, ndilo halishibi. Pini ya Uno hutoa volti 5, ya ESP32 hutoa 3.3, na IRFZ44N imeundwa ifunguke sawasawa ikipewa 10.

Kinachowapoteza wengi ni volti ya kizingiti, ile ambayo mosfeti ndipo inaanza kufunguka. Kwenye karatasi ya mtengenezaji IRFZ44N imeandikwa kati ya 2 na 4. Mtu akiona 2 anasema 3.3 inatosha na chenji inabaki. Lakini kizingiti hicho kinapimwa wakati mosfeti inapitisha mikroampea 250 tu, yaani robo ya miliampea. Hapo mlango umeachia ufa, haujafunguka. Taa zako, kwa wati 14.4 kila mita, zinahitaji wati 72, sawa na ampea 6. Ufa huo ukipitisha ampea 2 huku volti 4 zimebaki kati ya dreni na sosi (miguu miwili ambayo umeme wa taa unapitia), tayari ni wati 8 za joto kwenye kipande kisicho na bati la kupozea.

Namba ya kuitafuta ni ukinzani wa dreni na sosi, pamoja na volti ya geti iliyoandikwa kando yake. IRFZ44N inaahidi miliomu 17.5 kwenye volti 10, basi. IRLZ44N, dada yake mwenye herufi L, ana 25 kwenye volti 5 na 35 kwenye volti 4. Hata huyo haahidi chochote kwenye 3.3. Kwa ampea 1 au 2 anafanya kazi. Kwa 6 sisi hatumwamini. AO3400A, kale kadogo ka kulehemu juu ya bodi, kanaahidi miliomu 48 kwenye volti 2.5. Kanafaa sana kwa utepe wa rangi tatu wa mita 5, ambao kila rangi hula kama ampea 2: joto halifiki hata robo wati.

Kwa utepe wako wa rangi moja, bakiza IRFZ44N hiyo hiyo na uitafutie kiendesha geti, TC4427, chipu inayopokea amri ya volti 3.3 na kulipa geti volti 12. Pini yake ya 6 ipe volti 12 za taa, ya 3 hasi. Pini ya ESP32 iingie namba 2, na namba 7 iende kwenye geti kupitia rezista ya omu 10. Namba 4 usiyoitumia ifunge kwenye hasi, isielee. Weka kapasita ya mikrofaradi 1 ubavuni kwa TC4427, miguu yake iwe mifupi. Angalia dukani usipewe TC4426, maana hiyo hugeuza: ukiamuru taa zizime, zinawaka. Hasi ya ESP32 na hasi ya pawa saplai lazima ziungane. Chanya ya volti 12 inakwenda moja kwa moja kwenye utepe kupitia fyuzi ya ampea 7.5 au 10, na mosfeti inakata upande wa hasi. Ampea 6 ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe, kisha kwa omu 0.0175, unapata wati 0.63. Itakuwa na joto la kawaida. Bati dogo la kupozea linatosha.

Kila mosfeti unayonunua ipime kwanza. Chukua balbu ya indiketa ya gari ya wati 21, iunge kati ya chanya ya volti 12 na dreni, sosi kwenye hasi, halafu gusisha geti kwa volti ile ile utakayoitumia. Maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, kushoto ni geti, katikati dreni, kulia sosi. Pima volti kati ya dreni na sosi. Chini ya 0.1, inafaa kazi. Ikisoma volti 1 au zaidi, geti bado lina njaa au umeuziwa feki.

SWALI (Mombasa): Umeme ukikatika na kurudi, taa zote zinamulika ghafla kabla ESP32 haijaamka. Natumia AO3400A.

JIBU: ESP32 inapoanza, pini nyingi zinaelea, na geti linaloelea linashika chaji yoyote inayopita. Weka rezista ya kilo-omu 10 kati ya geti na sosi. Tazama pia pini uliyochagua: 0, 5 na 15 huvutwa juu wakati wa kuwaka. Tena rezista hiyo ukiifunga kwenye pini 0, bodi inaweza kuingia hali ya kupakiwa programu na isianze kabisa. Hamia 25, 26, 27, 32 au 33. Za 34 hadi 39 hazitoi kitu, ni za kupokea tu.

SWALI (Kisumu): Nilipandisha PWM (kuwasha na kuzima taa haraka ili kurekebisha mwanga) kutoka 1 kHz hadi 20 kHz ili kamera isione mistari. IRLZ44N yenye rezista ya omu 220 kwenye geti, taa ampea 4. Sasa inaungua.

JIBU: Geti ni kama kapasita, lazima lijae ndipo mosfeti ifunguke. Kwa volti 3.3 kupitia omu 220, kuvuka kutoka kufungwa hadi kufunguka kunachukua karibu mikrosekunde 7, na kurudi kama 2. Kwa 1 kHz hiyo si kitu. Kwa 20 kHz mzunguko mzima ni mikrosekunde 50, na katika kila kuvuka volti na ampea zipo pamoja: kwa makadirio ni wati 4 na ushee. Rudi 1 kHz. Kama kamera ni lazima, tumia TC4427 kama ilivyoelezwa hapo juu.

SWALI (Zanzibar): Nimekaza mosfeti kwenye boksi la chuma lipoe. Taa hazizimiki tena.

JIBU: Mgongo wa chuma wa mosfeti hiyo ni dreni, na bila shaka boksi lako limegusa hasi, kwa hiyo umeme unapita kwenye boksi bila kuiuliza mosfeti. Weka kipande cha maika, kinachozuia umeme, katikati na bushi ya plastiki kwenye skrubu. Kabla ya kuwasha, weka mita kwenye mlio kati ya mgongo na boksi, isilie.